Mwenyeji wa Bonde

Wambura alikuwa na hakika na jambo moja kuliko hata siku yake ya kuzaliwa: ukoo wake ndio uliotangulia kufika katika bonde lile la juu, nyuma ya vilima vya Butiama. Jirani yake Ryoba naye aliapa kuwa ni ukoo wake. Haukuwa ubishi wa kupitisha muda. Mzee wa ukoo uliotangulia ndiye hushika mbegu ya kwanza ya ulezi, kisha watu wote wakapanda. Tangu afariki mzee wa mwisho, ambaye koo zote mbili zilimwita babu, bonde zima lilikuwa linawangoja hao wawili wapatane. Mawingu hayakungoja.

Hafidha, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Kitaji mjini Musoma, alipoomba kuchimba shambani kwa Wambura, alikubaliwa kabla hajamaliza salamu. Wambura akaweka kigoda chake ukingoni mwa shimo. Ryoba akaleta chake, akaketi upande wa pili.

Juu kabisa kilitoka kipande cha sahani ya bati. Wambura akasema ni ya bibi yake. Vikafuata vigae vya vyungu, Ryoba akavidai vyote. Kisha yakaja mabaki ya wahunzi, makapi ya chuma, na hayo hakuna aliyeyadai, maana hakuna ukoo kati yao uliowahi kufua hata jembe. Chini zaidi likajitokeza jabali lenye kishimo laini cha kusagia nafaka. Hafidha akaeleza kuwa waliosagia hapo ni watu wa kale mno, na jina lao hakuna alijuaye.

Wambura aliumia. Alimtazama Ryoba, akamwona naye amenywea, akamwonea huruma.

"Kumbe miaka yote tulikuwaga tunagombania nyumba ya mtu," akasema.

Adventina, mke wa Wambura, alikuwa amechoka kutazama mawingu. Alimuuliza Hafidha kama amemaliza vipimo na picha zake. Alipojibiwa ndiyo, akashuka shimoni na ungo, akamimina ulezi kwenye kile kishimo.

"Mwenye nyumba ameshashika mbegu," akawaambia. "Nyie wageni chukueni, mvua inakuja."

Wazee wakashuka, wakainama kwa pamoja, vichwa vikagongana. Ryoba ndiye aliyeanza kucheka. Wambura akachota konzi, akamwekea mwenzake kiganjani, kisha akakinga chake, Ryoba akamwekea.

Kabla ya kutoka shimoni, Wambura alirudisha punje chache kwenye kishimo, fungu la mwenyeji.