Mtoki wa Nurdini

Walipompunguza kazini, Rukaiya alirudi Chiungutwa na sanduku la nguo na elimu isiyo na mteja. Miaka kumi na moja alikuwa ameinamia hadubini ya zahanati akisaka malaria kwenye damu za watu. Zilikuwa enzi za ruksa: duka binafsi la dawa ruksa, mnunuzi binafsi wa korosho ruksa, na kumfuta mtu kazini nako ruksa.

Kitu kimoja hawakuweza kukifuta. Aliwahi kuona, katika tone bichi la damu, chembe nyeupe ikitambaa. Ilijirefusha, ikajibana, ikapita pasipopitika. Mwalimu wake alimweleza kwamba chembe hizo hupenya kuta za mishipa, zikazunguka kwenye nyama za mwili zikikagua, na zikikuta uchafu, nyingine hupeleka habari hadi kwenye tezi kuita wenzao.

Basi mumewe Nurdini alipokanyaga msumari kwenye mikorosho, na siku ya nne akapata mtoki, ule uvimbe wa kinenani, Rukaiya alifurahi kidogo. Aibu, lakini alifurahi. Hatimaye kulikuwa na mtu wa kumfundisha.

"Hao ni askari, Mama," alimwambia mkwewe, Bi Stamili. "Wanapiga doria mwili mzima. Wamemkamata adui, wamemleta kituoni, hapa kinenani. Uvimbe huu ni vita."

"Askari ndani ya mwanangu! Mshahara wanalipwa na nani?"

"Wasije wakapunguzwa tu kama Mama Fakihi," alisema Nurdini, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

Wakacheka wote. Rukaiya naye alicheka, ingawa ilimchoma. Hakuongeza kwamba vita vikubwa vilikuwa bado unyayoni, chini ya salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, aliyojipaka Nurdini mpaka jeraha likajifunga juu na kuoza ndani. Aliona hilo linajulikana. Alfajiri akaondoka kwenda Masasi kutafuta sindano ya penisilini.

Aliporudi alasiri alikuta harufu ya nyama iliyoungua. Bi Stamili alikuwa amekamua mafuta ya maganda ya korosho, yale makali ambayo wanawake hupaka kwenye nyufa za visigino, akauchoma nayo mtoki. Kinena kilikuwa cheusi chenye malengelenge. Nurdini alikuwa anauma kanga ya mkewe.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemaliza adui. Si wewe uliyenionyesha kituo chake?"

Rukaiya alitoa sindano ya penisilini mkobani.

Kwa siku tatu nyumba nzima ilihangaikia kuungua kule. Alimchoma mumewe sindano, akamwosha kinena, akampepea. Kila aliposogeza mkono kwenye unyayo Nurdini alimfokea amwache, maumivu yako juu, haoni? Na yeye, aliyeona kwa macho yake chembe ikitambaa, alikubali kuangalia pale walipoangalia wengine. Siku ya nne mguu ulinuka. Wakampakia kwenye baiskeli hadi barabarani, wakapata lori la kuwafikisha hospitali ya Ndanda. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Wiki iliyofuata Bi Stamili alikuja na uji kwenye chupa. Rukaiya alimwamkia, "Shikamoo, Mama," naye akaitika "Marahaba" bila kumtazama. Mama mtu aliketi ukingoni mwa kitanda, akaingiza mkono chini ya shuka, akapapasa kinena cha mwanawe taratibu, kama alivyompapasa utotoni. Kutoka pajani kwenda chini shuka lilikuwa bapa.

"Mtoki umekwisha," alisema. Mkono wake haukushuka zaidi ya hapo. "Mama Fakihi, si umekwisha?"

Rukaiya alikuwa na maelezo yote. Angeweza kumweleza kwa nini umekwisha, na askari walikuwa wanaitwa kutoka wapi, na nani hakusema lililopaswa kusemwa. Alimchukia yule mama kwa swali lile, na alijichukia zaidi.

"Umekwisha, Mama," alisema, akamimina uji.