Picha za Zenobia Tuttle

Jumatatu ile Kessel, mwenye ukumbi, alishuka kutoka ofisini kwake na bahasha ya kaki chini ya kwapa, nami nikajua ni nini kabla hajasema neno. Pale Palmyra, ukumbi wetu wa maonyesho katika Mtaa wa Vine, kila mtu wa nyuma ya pazia aliijua bahasha ile. Ilikuwa na picha za msanii, zile anazotuma wiki moja kabla ili zitundikwe ukumbini kwenye lango la mbele. Picha zikiwa ukutani, jina lako limo katika orodha. Ukirudishiwa picha baada ya onyesho la kwanza la Jumatatu, fungasha sanduku lako.

"Lucius, mpeleke yule mama picha zake," Kessel akasema.

"Mama yupi?"

"Usijifanye mjinga. Yule wa pasi."

Yule wa pasi alikuwa Bi Zenobia Tuttle, mwanamke wa miaka hamsini na tatu kutoka Macon, mji wa kusini, mwenye mabega kama ya mpakia mizigo na gauni la hariri la rangi ya zambarau alilolishona mwenyewe. Alikuwa akirusha na kudaka pasi za chuma, zile nzito za kunyooshea nguo za watu, tatu kwa mpigo, huku akiongea na watazamaji kana kwamba yuko barazani anapembua maharage. Mikono ile ilikuwa imepiga pasi mashati ya watu wengine miaka ishirini kabla ya kupanda jukwaani. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na mimi nilikuwa msimamizi wa jukwaa. Kila wiki niliona wasanii wanane.

"Amekosa nini?" nikauliza.

"Hawakucheka."

"Bosi, ulimweka wa kwanza. Watu bado wanatafuta viti. Malaika angeshuka nafasi ya kwanza asingepigiwa makofi."

Kessel akakuna shingo. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu mwoga mwenye ukumbi. "Nilimwambia la kufanya. Ajipake masizi usoni awe mweusi kuliko alivyo, afunge kitambaa kichwani, aangushe pasi mguuni arukeruke. Hapo watacheka. Kakataa. Basi, picha zake hizi hapa. Kabla ya onyesho la saa kumi na moja."

Akaniachia bahasha, akapanda ngazi zake za chuma.

Nilisimama pale nikiwa na picha nne za mwanamke mikononi. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Tangu nianze kazi ile nilikuwa nimewarudishia watu kumi na mmoja picha zao. Nakumbuka kila uso. Mcheza filimbi mmoja aliniambia asante. Asante! Kana kwamba nimempa maji.

Nikaenda hadi chumba namba nne. Bi Zenobia alikuwa ameketi, miguu ndani ya beseni, anakula sandwichi ya kambare. Aliiona bahasha. Hakuacha kutafuna.

"Zangu hizo?"

"Zako, Bi Zenobia."

"Basi nipe, mwanangu. Usisimame mlangoni kama mkusanya kodi." Akafuta mkono kwa taulo, akaunyoosha. "Omaha wameshanirudishia. Wichita nako. Hapa ndipo pa mwisho, baada ya hapa hakuna ukumbi unaonitaka bila masizi. Nitarudi Macon kwenye beseni la nguo. Lakini nitarudi na uso wangu."

Nikautazama mkono ule.

"Sikupi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Sheria inasema picha ziwekwe mkononi. Siyo juu ya kiti, siyo chini ya mlango. Mkononi mwa mwenyewe. Mpaka hapo, wewe bado umo katika orodha. Na mkono wangu hautaki."

Akaushusha mkono. "Lucius Grandberry, utafukuzwa."

"Wakinifukuza nitakuwa nimefukuzwa kwa sababu nzuri. Wengi hufukuzwa kwa kuchelewa."

Akacheka, samaki mdomoni, hadi maji ya beseni yakamwagika.

Nilipanda ofisini kwa Kessel nikaiweka bahasha mezani pake, juu ya magazeti. "Mkononi, bosi. Lakini mkono wako."

Uso ukamgeuka rangi. "Wewe ni nani wa kunigomea?"

"Mimi ndiye niliyewarudishia kumi na mmoja. Wewe hujawahi kumrudishia hata mmoja. Hujawahi hata kuwaona machoni wanapozipokea. Shuka umpe."

"Nitashuka. Nikimalizana naye, nakuja kwako."

"Utanikuta."

Nikashuka kwenye ubao wa orodha, pale kando ya meza ya mikoba ya wasanii, nikachukua chaki. Nafasi ya saba ndiyo kiti cha enzi: watu wameshiba, wamepashwa moto, hawajaanza kutafuta kofia zao. Nafasi ya nane ni ya kuwafukuza watu watoke. Wiki ile nafasi ya saba ilikuwa ya Hosea Pinkett, mchekeshaji, ambaye wakati huo alikuwa mbele ya kioo akijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa. Nikamwendea na chaki mkononi.

"Hosea, naomba saba yako."

"Na mimi naomba meno ya dhahabu. Kwa ajili ya nani?"

"Bi Zenobia."

Akaendelea kupaka, taratibu, akizunguka midomo. "Yule anayejiona bora kuliko mimi."

"Hajasema hivyo."

"Si lazima aseme. Kila akipita na uso wake uliooshwa, amesema." Akageuka. Nusu ya uso ilikuwa yake, nusu ilikuwa ya kizibo. "Haya masizi yamesomesha watoto wanne, Lucius. Wanne. Mkubwa anafundisha shule. Usije kunihubiria."

"Sihubiri. Naomba."

Akajitazama kwenye kioo, akatia kidole katika kopo la masizi, akakitoa. "Chukua. Wiki moja tu. Na akiangusha hata pasi moja, nakudai chakula cha jioni mpaka nife."

Nikayabadilisha majina yao ubaoni. Kando ya jukwaa husimama kibao chenye jina la kila msanii, ili watazamaji wajue anayekuja. Kibao cha Bi Zenobia kilisema tu *Tuttle, Pasi*. Nilikigeuza, nikaandika nyuma yake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kusomeka mpaka na watu wa roshani:

*Uso huu ndio wangu, sitaupaka masizi;*
*asopenda rangi yangu, ateremke kwa ngazi.*

Onyesho la saa kumi na moja likaanza. Ukumbi ulijaa, watu wa machinjioni walikuwa wametoka kazini, wapishi wa reli wamo, mabibi wa kanisani wamo wakijifanya hawamo. Nafasi ya kwanza hadi ya sita zikapita. Kessel hakuonekana. Baadaye nilijua alikuwa ofisini akijipa moyo kwa glasi, na kwamba alidhani orodha ni ileile ya mchana, mama yule ameshapita na sasa yuko chumbani. Akashuka, akabisha chumba namba nne. Hakuna mtu. Akasikia bendi inapiga wimbo wa kuingilia.

Alitokea pembeni mwa jukwaa anahema, bahasha mkononi. Bi Zenobia alikuwa amesimama pale nyuma ya pazia la pembeni, na pasi tatu zilikuwa tayari hewani. Ndivyo alivyoingia siku zote, zikizunguka.

"Mama Tuttle," Kessel akasema, akainyoosha bahasha. "Shika."

"Samahani, bosi. Mikono imejaa."

"Ziweke chini."

"Nikiziweka chini zitakuangukia mguuni. Si ndicho ulichotaka, mtu arukeruke?"

Bi Zenobia akaingia jukwaani, kwenye taa. Na Kessel, kwa hasira au kwa ile glasi, akamfuata. Hatua mbili, tatu. Alipogundua alipo, watu mia sita walikuwa wanamtazama.

Kicheko kikaanzia roshani. Walikuwa wameshasoma kibao, na huyu hapa bwana mwenyewe aliyekuwa ameteremka kwa ngazi.

"Enheee!" Bi Zenobia akasema, bila kuacha kurusha. "Nimepata mgeni. Kaniletea barua. Ni ya mapenzi, bosi?"

"Tusomee!" mtu akapiga kelele.

"Mikono yangu imejaa, mabibi na mabwana, mnaona. Irushe, bosi. Irushe tu, usiogope, sijawahi kuangusha kitu cha mtu."

"Irushe! Irushe!" Roshani nzima ikapiga miguu.

Kessel alitazama pembeni, akanitazama mimi. Nilikunja mikono. Akairusha.

Bahasha ilikuwa nene, imefungwa kwa kamba. Aliipokea katikati ya pasi mbili kana kwamba alikuwa akiingojea tangu Macon. Ikapanda na pasi, ikapita nyuma ya mgongo, ikapita chini ya goti la hariri ya zambarau, pasi, pasi, bahasha, pasi. Mpiga ngoma alishika mwendo wake. Ikazunguka mara saba, kisha ikaruka juu kuliko zote na kumshukia Kessel kifuani. Akaikumbatia kwa mikono miwili.

Mkononi mwa mwenyewe.

Sijui kama mmewahi kusikia ukumbi ukilipuka. Mabibi wa kanisani walisimama juu ya viti. Hosea, pembeni yangu, masizi yalikuwa yanamtiririka mashavuni, sikumuuliza kwa nini. Na Kessel, mtu wa ukumbi hata hivyo, aliinama mbele ya watazamaji, kwa sababu mwili wake ulijua la kufanya kabla yake.

Aliporudi pembeni alikuwa bado ameikumbatia bahasha. Watu wanaita jina lake yule mama, hawaachi.

"Zitundike," akasema.

"Na masizi?"

"Masizi gani?" Hakunitazama. "Wiki nzima, nafasi ya saba. Nitatoka naye kila onyesho. Na wewe chukua kofia yako."

Nilijua nimefukuzwa. Nikamaliza kazi kwanza: nikaingiza nafasi ya nane, mbwa wa kucheza dansi, nikateremsha pazia kwa mikono yangu. Nikaenda lango la mbele nikatundika picha tatu.

Bi Zenobia alinikuta pale, bado na gauni. "Nimesikia umewarudishia watu kumi na mmoja," akasema, "na wewe wa kumi na mbili. Huna picha ya kurudishiwa?"

"Mimi situndikwi ukutani."

Alichukua ya nne, akaiweka katika kiganja changu, akakikunja. "Mkononi," akasema.

Wafanyakazi wa Palmyra hutoka kwa mlango wa uchochoroni, kwenye mapipa. Jua la Julai lilikuwa bado linawaka Mtaa wa Vine. Nikavaa kofia, nikabana picha kwapani, nikatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya watu walionunua tiketi.