Kuni Alizoacha Esta

Mwaka ule wa 1951 Esta alikuwa na mwezi mmoja tu wa kufanya kazi ya mwaka mzima. Harusi yake ilipangwa Oktoba, na baada ya harusi angefuatana na mumewe Donatus hadi Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, safari ya siku tatu kutoka kwao Mhunze. Nyumbani angebaki baba yake, Mzee Maganga, na mbuzi wanne na kifua kibovu. Mkewe alikuwa amekufa zamani, na mtoto mwingine hakuwa naye. Na Mzee Maganga, jamani, alikuwa mtu wa moto! Kipupwe kikiingia na upepo wa alfajiri ukivuma mbugani, bila moto kifua kilimbana hadi akakohoa huku ameshika nguzo ya nyumba.

Sasa kuni azitoe wapi? Pori lilikuwa limefyekwa kwa amri ya serikali ili mbung'o wapotee. Mbung'o walipotea, na kuni zikapotea nao. Watu walipikia mabua na mavi ya ng'ombe. Kuni za maana zilikuwa zile za miti ya uani kwako, basi. Mzee Maganga alikuwa na mkwaju mmoja mkubwa, migunga miwili, na ua wa minyaa uliozunguka mji wake wote, nyumba na uwanja.

Esta akajifunga kibwebwe, akapanda mkwaju. Tangu utotoni ndiye aliyekata kuni za shikome, moto ule wa uani wanaoota wanaume, kazi ambayo katika miji mingine ilikuwa ya wavulana. Wasichana wenzake walimcheka, "Esta, utaota ndevu!" Naye aliwajibu kwamba zikiota atazinyoa. Baba yake alisimama chini, shingo juu, akiamrisha kama nyapara.

"Hilo acha, ndilo linalowapa mbuzi kivuli. Kata lile. Mshazari, ng'wanone, mshazari! Ukikata hovyo halichipui."

Ng'wanone, mwanangu. Hakuwahi kumwita jina jingine.

"Basi panda wewe, baba!"

"Ningekuwa na magoti, ungekuwa umeshashushwa zamani."

Minyaa aliipunguza akiwa ameupa upepo mgongo, maana utomvu wake ukiruka jichoni utalia siku mbili. Aliitandaza juani, akapasua magogo ya mkwaju, akafunga vijiti vya mgunga matita matita. Viganja vilimchubuka, bibi harusi mzima akaenda kanisani na mikono ya mchimba visima. Lakini rundo lilikuwa limempita kimo.

"Baba, hizi zitakutosha kipupwe kizima," alisema asubuhi ya kuondoka. "Vijiti vya kuwashia, minyaa ya jioni, mkwaju wa alfajiri. Choma, usibane."

"Nitachoma," mzee akajibu, akimtazama mbuzi.

Kumbe Geita kuna miti! Vilima vizima vya miti. Nyuma ya chumba chao kambini kuni zililala chini zikioza kwa mvua, hakuna wa kuziokota. Esta aliziangalia akaumia. Angeweza, angejitwika mzigo mmoja tu akatembea nao mpaka kwao. Alimtamani baba yake, alitamani kelele zake za chini ya mti. Kilichomtuliza ni lile rundo. Kipupwe kilipoanza, kila asubuhi akikoroga uji alijisemea: leo baba kafika kwenye matita ya mgunga. Wiki hii kaanza mkwaju. Alimwona kabisa, kwenye kigoda chake, viganja juu ya moto.

"Mzee hajambo," Donatus alimwambia. Alikuwa mtu mwema, maneno yake machache.

"Wewe umejuaje?"

Donatus akanywa uji wake.

Mwezi wa saba akafika Mabula, kijana wa jirani yao wa Mhunze, kutafuta kazi mgodini. Esta hakumwacha hata akae. Baba je?

"Yupo, ila kikohozi. Asubuhi huja kwetu kuota moto."

"Kwenu? Kwake kuna nini?"

"Kwake hawashi. Pale shikome ni majivu ya mwaka jana."

Loo! Wamemwibia. Kuni zote zile, na viganja vyake vile, watu wameingia wakabeba, na baba yake mzazi anazunguka kwenye miji ya watu akiomba moto kwa kikohozi. Alilia kwa hasira mpaka Donatus akaenda mwenyewe kumtafutia nafasi kwenye lori la Mwanza.

Alivuka ziwa, akapanda treni, akateremka stesheni ya Seke, akalala kwa shangazi yake, akatoka alfajiri kwa miguu. Njia nzima alipanga matusi ya kuwatukana wezi. Alipopita kwenye uwazi wa ua wa minyaa, matusi yote yakamtoka kichwani.

Rundo lilikuwepo. Halikuguswa hata kijiti kimoja. Tena lilikuwa limejengewa paa, nguzo nne na nyasi mpya zilizofungwa vizuri, wakati paa la nyumba lenyewe lilikuwa na tundu la kupitisha kuku.

Mzee Maganga alikuwa anatoka kwa jirani, blanketi mabegani, fimbo mkononi. Alikuwa amekonda.

"Mwangaluka, baba," Esta akamwamkia.

Fimbo ikamwanguka. "Ng'wanone! Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Kwa nini huchomi kuni?"

"Bado mbichi."

Esta akachomoa vipande viwili vya mkwaju, akavigonganisha. Vikalia ko, ko, vikavu kabisa.

"Baba!"

Mzee akakohoa kwanza, kirefu, akakaa kwenye kigoda kando ya majivu. "Nilijaribu," akasema. "Siku uliyoondoka nilichukua kimoja. Nikakuta ni kile ulichokata ukateleza, ukanitukana kwa mara ya kwanza maishani mwako. Nikakirudisha. Cha pili nacho nikakijua. Zote nazijua, nilikuwa nimesimama pale chini. Nikichoma, zitakwisha. Na zikikwisha nitabaki na nini chako hapa?"

Esta alilia, akajifuta kwa kanga, akavuta tita la mgunga, akawasha. Aliweka minyaa, kisha gogo la mkwaju. Mzee alinyoosha mkono kana kwamba anataka kuliokoa, kisha mkono ukabaki palepale juu ya moto, ukaanza kupata joto.

"Sikiliza," Esta akasema. "Tazama mkwaju. Nilikata mshazari kama ulivyosema, umechipua. Mwakani matawi yatafaa kukatwa. Wewe huna magoti, na mtu mwingine sitaki apande mti wangu. Hizi zikiisha, nitakuja kukata nyingine. Nitamwambia Donatus, atakubali. Lakini zikiwepo, nije kufanya nini?"

Mzee Maganga aliutazama mkwaju, akaugeukia moto, kisha rundo na paa lake la nyasi. Jua lilikuwa limeshapanda, na baridi ilikuwa inakwisha uani.

"Zikiisha utakuja?"

"Zikiisha nitakuja."

Mzee akainuka kwa fimbo yake, akaenda kwenye rundo, akarudi na gogo la mkwaju. Akalitia motoni. Akarudi tena, akaleta la pili, na la tatu, miali ikapanda mpaka mbuzi wakakimbia.

"Baba, jua limeshatoka! Baridi iko wapi?"

"Wewe niache," akasema, na akaenda kuchukua jingine.