Jiwe la Pande Mbili

Usiku wa jana niliota keke yangu, ile ya kutobolea shanga za mawe, imeketi ukingoni mwa kitanda na uta wake wa kuizungushia mapajani.

"Inuka, Baba Rehani," ikasema. "Mkeo anakuita."

Mke wangu Mwanahawa alifariki mwezi wa Ramadhani. Nikainuka.

Kila ushanga tuliutoboa pande mbili, maana ukishikilia upande mmoja tu, jiwe hupasuka keke inapotokeza. Yeye alianza, mimi nikamalizia. Mkono wake ulipenda kwenda kushoto, nami nikaiinamisha keke kumfuata ili matundu yakutane. Nilimtania miaka yote: "Bibi wewe, hata mlango wa peponi utaupita kando."

Nafungua mlango wa chumba, natokea makaburini. Jiwe la kaburi lake limekua, limekuwa ukuta.

"Yuko nyuma yangu," linasema. "Nitoboeni, mtazungumza. Pande mbili, kama desturi yenu."

"Aanze nani?"

"Mnajua wenyewe."

Najua, ni yeye. Lakini hamu ya kuisikia sauti yake imenishinda. Navuta uta.

"Maji," linadai jiwe.

Sina maji ya kupozea keke. Nalia juu yake.

"Yana chumvi," linanung'unika, lakini linayapokea.

Keke inafika katikati, inasimama. "Nusu yako imekwisha," inasema, na kujifuta vumbi.

Ukuta sasa uko sokoni. Watu wanauegemea wakichagua vitunguu. Naweka sikio tunduni. Mbali sana, uta unavutwa.

"Mwanahawa!"

"Niko huku, Baba Rehani. Mbona hukunisubiri? Sasa sijui umeelekea wapi."

"Nimenyoosha tu! Sogea mkono wa kulia, mke wangu!"

"Wa kwako au wa kwangu?"

Nikaanza kufikiri, na kule kufikiri kukaniamsha.

Kumekucha. Kwenye benchi upo ushanga wa mwisho, niliouanza jana peke yangu na kuuacha nusu, moyo ukiwa umenikatika. Nikaugeuza.

Upande wa pili, ambao sikuugusa, pana kitundu kimeanzwa. Vumbi lake bado bichi. Kimekaa kushoto.

Nimeketi nao tangu asubuhi. Sithubutu kuvuta uta. Tundu langu limekwisha kunyooka, na huko alikoelekea yeye hatutakutana.