Wimbi Lililotumwa Shambani kwa Theresia

Kila neno la habari hii ni kweli tupu. Kama nadanganya, mto Lumemo uhamie chumbani kwangu. Na asitokee mtu kuniambia kwamba ulishahamia mwaka ule wa mafuriko. Mwaka ule ulihamia kwa sababu ya habari nyingine kabisa.

Mimi Hermenegildi nilivuta kamba za kivuko miaka ishirini na sita, mpaka daraja lilipokuja likaniambia nikapumzike. Fizikia sikuisoma shuleni, niliipata kwa maandazi. Mama Sikitu wa sokoni alinunua vitabu vya zamani vya sayansi kwa kilo akawa anafungia biashara yake, nami nikawa nakula huku nasoma. Ukurasa wa kani ulikuja na andazi la Jumatatu. Mwendo ulikuja Jumatano, umelowa mafuta. Alhamisi nikapata mawimbi, na mchoro wa watu wawili walioshika kamba: mmoja anatikisa, nundu inatembea mpaka kwa mwenzake. Chini yake imeandikwa kwamba wimbi husafirisha nishati, kamba yenyewe haisafiri.

Niliacha kutafuna. Kumbe mtu anaweza kufika mahali bila kwenda! Maelezo yaliendelea ukurasa wa pili, lakini huo alishaondoka nao mteja aliyenunua maandazi matano.

Basi wiki hiyohiyo akaja Theresia, mama wa hapa kijijini kwetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa kisafari?"

"Mdogo wangu anaolewa Sanje, nakwenda siku nne. Mpunga umeiva na kwelea kwelea wameshaanza kuuzunguka. Wewe umeshavuna. Naomba uniamie ndege."

Kuamia ndege si kazi ya kukaa. Tangu alfajiri unatembea tuta hadi tuta, unapiga mayowe, unarusha udongo kwa kombeo, unavuta kamba ya makopo. Na shamba la Theresia liko ng'ambo ya mfereji wenye tope la magotini na ruba wanaonijua kwa jina. Lakini nilikuwa na ukurasa wangu mfukoni, na ukurasa ukimkaa mtu mfukoni, mdomo unapata jeuri.

"Nenda ukacheze ngoma," nikamwambia. "Jaruba moja likiliwa, nakulipa debe tatu za mpunga wangu."

Telesphory, jirani yangu, alikuwa kando ananoa mundu. Akauweka chini. "Rudia, mzee mwenzangu, nisikie vizuri."

"Debe tatu kwa kila jaruba!"

"Nimesikia. Mimi ni shahidi."

Theresia ana majaruba manne, yaani shamba lake limegawanywa kwa matuta vipande vinne. Nyumbani nilikuwa na debe kumi na nne, chakula changu mpaka mavuno mengine. Hesabu hiyo niliifanya Theresia alipokwisha panda basi.

Nikaanza kazi. Dungu langu, kile kichanja cha miti ninachokalia wakati wa kuamia, liko upande mkavu, lina kivuli. Nikafunga kamba ya nailoni kwenye mguu wake, nikaipitisha juu ya mabua ya shamba la Telesphory, nikavuka mfereji mara moja tu (ruba wakanisalimia), nikaifunga kwenye nguzo ya mwisho kwa Theresia. Hatua mia tatu. Nikaning'iniza makopo sitini: ya maziwa, ya rangi, ya nyanya. Kisha nikarudi nikajilaza.

Siku ya kwanza nilitikisa mara moja. Makopo yakalia ngwara-ngwara-ngwara, na kelele ile ikawafukuza ndege mpaka Uchindile, ambako walikata tamaa wakaanza kula majani. Siku ya pili nilitikisa kwa kidole gumba cha mguu. Siku ya tatu sikutikisa. Nilipiga chafya, ikatosha.

Siku ya nne, Theresia alirudi. Alipitia shambani kwanza, halafu akaja kwangu dunguni, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Telesphory anamfuata nyuma, kachangamka kama mtu aliyealikwa harusini.

"Baba, majaruba matatu yamebaki makapi."

Nikainuka taratibu. "Mwanangu, kaa chini nikueleze lililotokea, maana ni zito. Jana nilituma wimbi kubwa mno. Lilikwenda na nundu yake juu, likaigonga nguzo yako, likarudi limepinduka, nundu chini. Kisayansi ndivyo linavyorudi. Sasa lilipofika hapa likanivuta kutoka juu ya dungu, likaniburuza hadi Lumemo, likaniacha darajani. Wakati narudi kwa miguu, ndege ndipo walipopata nafasi."

"Likakuburuza," alisema Theresia.

"Vibaya sana."

"Wimbi halisafirishi kitu, baba. Hata Jane wangu wa kidato cha pili anajua. Kama lilikuburuza, hilo lilikuwa trekta."

Telesphory akacheka mpaka akashika mguu wa dungu.

"Na makopo ya upande wangu?" Theresia akaendelea. "La mwisho kabisa lina chura ndani. Nimemtikisa atoke, akanitazama kama mimi ndiye mgeni. Buibui amelifunga kwenye nguzo kwa utando. Kopo lililolia siku nne litakuwaje na utando?"

"Huyo buibui ni fundi," nikasema. "Utando wake unavutika."

"Sawa. Mimi nakwenda kusimama kule. Wewe tikisa. Kopo la upande wangu hata moja likilia, sikudai punje."

Nilifurahi, nakiri. Siku zote nne nilikuwa nimesikia makopo kwa masikio yangu. Theresia akavuka mfereji, akasimama kwenye nguzo, akapunga kanga. Telesphory akatembea kando ya kamba ili ahesabu.

Nikatikisa. Kopo la kwanza likaruka, la pili likaruka, la tano likapiga kelele safi. La kumi likasema ngwa. La kumi na tano likanong'ona. La kumi na tisa likatikisa kichwa kidogo kama mzee anayesinzia kanisani. La ishirini likabaki vilevile.

"Kumi na tisa!" Telesphory akapaza sauti. "Arobaini na moja wamelala!"

Ndipo nikaelewa ukurasa wa pili ulisema nini. Kila kopo linalolia linakula sehemu ya nguvu ya mtikisiko kama ada yake, na kamba iliyolegea katikati inameza iliyobaki. Kelele niliyosikia siku zote ilikuwa ya makopo ya karibu na sikio langu. Kule kwa Theresia kulikuwa kimya, na kwelea kwelea wanapenda kula pakiwa pametulia.

Lakini debe tisa zinauma. Nikakaza miguu juu ya dungu, nikaishika kamba kwa mikono miwili, nikaivuta kama navuta kivuko chenye malori matatu. Ukivuta kitu nacho kinakuvuta: hiyo niliisoma Jumatatu. Nguzo ya Theresia ilikuwa ya mti mgumu, mguu wa dungu ulikuwa wa mwaka juzi. Ukakatika. Dungu likashuka, nami nikashuka nalo kwa mwendo unaoongezeka, uso kwenye vumbi. Kamba ikalegea, na hata yale kumi na tisa yakanyamaza.

Theresia akafika, akanishika mkono kuniinua. "Pole, baba. Umeumia?"

"Hapana."

"Basi twende tukapime."

Mpunga nilibeba kwa baiskeli, Telesphory akisukuma nyuma bila kuombwa. Kwa Theresia tukatandika turubai. Nikajaza debe la kwanza mpaka juu, nikalisawazisha kwa kiganja, nikasema, "Moja."

"Bado," akasema Theresia.

Akashika debe masikio mawili, akalitikisa: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Punje zikaanza kupangana, zikajisogeza, zikashuka vidole vinne kutoka ukingoni.

"Jaza," akasema.

Nikajaza.