Ndege wa Perrine

Asubuhi hiyo Bwana Lescot, mkaguzi wa kiwanda cha kauri cha mfalme, aliingia chumba cha wachoraji na chombo cha maua mkononi, akafunga mlango nyuma yake. Chombo chenyewe kilipendeza, lazima niseme: kiuno chembamba, vishikio vilivyojipinda kama majani ya mzabibu, ubavuni ndege, na dhahabu kila ukingo. Ila kitakoni hapakuwa na alama ya mfalme. Kilitoka tanuri la siri la Paris, na dhahabu juu ya kauri ilikuwa haki ya mfalme peke yake. Aliyekichora angefungwa.

Perrine alikuwa chumba cha pili, akisugua dhahabu kwa jino la mbwa mpaka ing'ae, kazi waliyoachiwa wanawake. Alipomwona yule ndege kupitia mlango wa kati uliokuwa wazi, alimtambua. Alimchora yeye mwenyewe, jikoni kwake, kwenye chombo alicholetewa na watu wa tanuri lile, kwa uchu tu wa kuona kazi ya mkono wake kwenye kauri.

Lescot aliamuru kila mchoraji achore ndege mmoja mbele yake. Anselme, mume wa Perrine, maskini wa Mungu, hakujua lolote. Alichora huku akipiga mluzi, akimtania jirani yake kwamba ndege wake ana kitambi cha padri. Lescot akalinganisha. Bawa lile lile, jicho lile lile.

"Anselme, umetuuza."

"Naapa kwa Bikira, bwana, sijawahi kukiona."

Perrine akaingia. Kumwona mumewe akifungwa kwa kosa lake kulimtisha kuliko kufungwa mwenyewe. Akachukua brashi bila kuomba ruhusa, akachora ndege mwingine, sawasawa na wale wawili.

"Ni mimi, bwana. Mume wangu hana habari. Mwachieni."

Lescot alimlinganisha yule ndege na wale wawili, kisha akatabasamu. Perrine alilichukia tabasamu lile.

"Nakuamini, mama. Sasa niambie, nani alikufundisha?"

Ndipo Perrine alipoelewa alichofanya, lakini alikuwa amechelewa. Wachoraji wote waliapishwa kutomfundisha mtu wa nje, hata mke, na adhabu ya kuvunja kiapo hicho ilikuwa kubwa kuliko ya kupaka dhahabu. Anselme hakumlaumu. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akamwomba Lescot amruhusu mkewe achukue shali yake, maana gerezani kuna baridi.