Springi za Gari Lingine

Siku hiyo mjinga alikuwa Shivachi mwenyewe, hakuna haja ya kumtafuta mwingine wa kubebeshwa lawama. Kitabu cha sheria za mbio alikuwa nacho. Alikisoma pia. Shida ni kwamba alikisoma hadi pale palipompendeza, akakifunga.

Shivachi ni fundi wa magari Kawangware 56, chumba chake kiko mtaa wa Lindi, na kati ya huku na kule hana mtu. Tangu mkewe Nelima arudi Kakamega na watoto, anashinda chini ya magari ya wenyewe akiyatania, maana gari halimwambii anyamaze. Jioni anapikia sufuria ile ile ya watu watano, anakula kidogo, anafunika.

Jumapili moja akaenda kutazama mbio za koni, zile za gari moja moja kukimbizana na saa kwenye uwanja wa vumbi. Mbio zenyewe hakuzitazama sana. Alichotazama ni wanaume sita wa kundi la magari madogo ya kawaida. Walikuwa na thamosi moja, wakipokezana kikombe na kuchekana kila mmoja alivyokimbia. Mmoja wao, Kavoi, fundi wa kunyoosha bodi, jirani yake wa kazini, akamwona nyuma ya kamba.

"Niaje fundi! Si ulete gari uwe wa saba? Tumechoka kuchekana sisi kwa sisi."

Maneno hayo Shivachi alilala nayo miezi minane.

Akapata kigari kikuukuu, cha kawaida kabisa. Lakini gari la aina hiyo hiyo liliwahi pia kutoka kiwandani na vifaa vya mbio: springi ngumu, breki kubwa, na difu isiyoacha tairi moja lizunguke bure. Kitabu kilisema gari lenye vifaa hivyo vya kiwandani hubaki kundi la kawaida. Hapo ndipo alipokifunga. Akanunua springi na breki hizo kutoka gari lililokatwakatwa kwa vipuri, akazifunga kwa mikono yake, akipiga mluzi. Difu aliikosa, akaona si neno.

Asubuhi ya mbio, Mutheu, mkaguzi, akamulika magurudumu kwa tochi, kisha akafungua boneti akasoma kibati cha namba ya chesisi.

"Fundi, hii ilitoka kiwandani ikiwa ya kawaida."

"Ndio, lakini springi ni za kiwanda, madam. Orijino!"

"Zilikuja na gari lingine. Sheria inataka gari liwe limetoka kiwandani na vifaa hivyo, vyote pamoja. Ungemaliza sentensi." Akaandika. "Kundi la magari yaliyobadilishwa."

"Huko kuna nani?"

"Leo? Wewe."

Akakimbia peke yake kundini. Muda wake ungemweka wa tatu kati ya wale wa magari madogo. Kipaza sauti kikamtangaza wa kwanza, akainua mkono, akakuta anapungia vumbi. Ng'ambo, chini ya turubai, Kavoi alikuwa ameangusha koni nne na wenzake wameshika mbavu. Shivachi alikuwa na neno tamu la kumchoma nalo. Akalimeza. Utamchekaje mtu ambaye hukushindana naye?

Akamrudia Mutheu, kikombe cha ushindi kwapani kama kuku aliyekataa kununuliwa.

"Madam, chukua hiki. Niandike na wale, hata niwe wa mwisho."

"Na springi nitaziandika wapi?"

"Lakini zimetengenezwa na kiwanda kile kile kilichotengeneza hili gari! Hizi na gari ni ndugu, tumbo moja!"

Mutheu hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Na wewe ulizaliwa na mama, fundi. Haya, ingia nyumba yoyote yenye mama, vua viatu, useme umefika kwenu."